Kinundu shingoni: Kabla ya kukubali kisu, fahamu kipimo cha jeni

Je, msomaji, umewahi kujitazama kwenye kioo ukinyoa ndevu au ukivaa mkufu, ukaona kijivimbe upande mmoja wa koo ambacho hupanda na kushuka unapomeza mate? Au pengine ulikwenda kupigwa picha ya shingo kwa sababu nyingine kabisa, ukarudi nyumbani na karatasi inayosema kuwa una kinundu kwenye tezi ya thairoidi?

Watu wengi wakipata habari kama hizo hukosa usingizi. Neno linalowajia akilini ni moja tu: saratani. Wapo wanaotaka kupasuliwa kesho yake, na wapo wanaonyamaza kwa miaka wakingoja uvimbe uishe wenyewe. Makundi yote mawili yanakosea. Ukweli ni kwamba vinundu vingi vya tezi hii havina madhara, na siku hizi sayansi ina njia nzuri ya kuvitenga vile vibaya na vile visivyo na ubaya.

Katika makala haya nitakueleza hatua ambazo daktari hufuata, kisha nitaeleza kipimo cha jeni ambacho kimezungumzwa sana katika miaka ya karibuni: kinafanya nini, kinamfaa nani, na ni nani anayepoteza pesa zake akikifanya.

TEZI YENYEWE

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, imelikumbatia bomba la pumzi. Umbo lake ni kama la kipepeo, lina mabawa mawili yaliyounganishwa katikati. Kwa mtu mzima ina uzani wa takriban gramu 20 tu. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Zikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka na mtu hukonda. Zikipungua, mtu huwa mchovu, huhisi baridi na hunenepa bila sababu.

Ili kutengeneza homoni hizo, tezi huhitaji madini ya iodini. Ndiyo sababu chumvi yetu ya mezani hutiwa iodini, kwani mahali ambapo madini hayo yamepungua watu hupata rovu, yaani uvimbe wa tezi nzima. Kinundu ni kitu tofauti kidogo. Ni donge moja au kadhaa ndani ya tezi, ambayo yenyewe yaweza kuwa na ukubwa wa kawaida.

Vinundu ni vingi kuliko unavyodhani. Daktari akipapasa shingo kwa vidole hupata kinundu kwa takriban wanawake 5 katika kila 100, na mwanamume 1 katika kila 100. Lakini mashine ya altrasaundi ikitumiwa, vinundu vidogo huonekana kwa watu wengi zaidi, hasa wenye umri mkubwa. Katika vinundu vyote vinavyochunguzwa, vyenye saratani ni takriban 7 hadi 15 katika kila 100. Kwa maneno mengine, hata kabla ya kufanya kipimo chochote, uwezekano mkubwa ni kwamba kinundu chako si saratani.

Hata hivyo, usichelewe kumwona daktari ikiwa uvimbe unakua haraka, sauti imekuwa ya kukwaruza kwa majuma kadhaa, unapata taabu kumeza au kupumua, kuna matezi magumu pembeni mwa shingo, ulipigwa miale ya tiba shingoni ulipokuwa mtoto, au kuna jamaa yako wa damu aliyepata saratani ya tezi hii.

HATUA TATU ZA KWANZA

Kipimo cha jeni si mahali pa kuanzia. Kabla yake kuna hatua tatu, nazo zapatikana katika hospitali kubwa za miji yetu.

Ya kwanza ni kipimo cha damu kiitwacho TSH. Hiki huonyesha kama tezi inafanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi. TSH ikiwa chini sana, huenda kinundu chenyewe ndicho kinachotoa homoni nyingi. Vinundu vya aina hiyo ni nadra sana kuwa saratani, na daktari ataendelea na uchunguzi mwingine badala ya kukimbilia sindano.

Ya pili ni altrasaundi ya shingo. Picha hii haina maumivu wala miale ya hatari. Mtaalamu hutazama kama kinundu kimejaa maji au nyama, kama kingo zake ni laini au zimechongokachongoka, na kama kina chembe ndogo za chokaa ndani yake. Kutokana na dalili hizo, pamoja na ukubwa, huamuliwa kama sindano inahitajika. Kinundu cha maji matupu hakihitaji kudungwa. Chenye dalili mbaya kwa kawaida hudungwa kikifika sentimita 1, na chenye dalili hafifu huweza kungojewa hadi kifike sentimita 2.5.

Ya tatu ni sindano nyembamba. Daktari hudunga kinundu akiongozwa na altrasaundi, akafyonza seli chache, ambazo mtaalamu wa patholojia huzitazama kwa hadubini. Sindano hii ni nyembamba, na wengi huivumilia vyema. Wala si kweli, kama wasemavyo baadhi ya watu mitaani, kwamba kudungwa "kunaamsha" saratani.

MAJIBU SITA YA SINDANO

Majibu ya sindano hupangwa katika makundi sita. Mpango huu huitwa Bethesda, kwa jina la mji wa Marekani ambako wataalamu walikutana mwaka 2007 kuuandaa. Ulisahihishwa mwaka 2017 na tena mwaka 2023. Soma karatasi yako ya majibu uone nambari iliyoandikwa.

Kundi la 1 maana yake ni kwamba seli hazikutosha, na kwa kawaida sindano hurudiwa. Kundi la 2 ni kinundu kisicho na ubaya. Uwezekano wa saratani hapo ni takriban asilimia 4, na mgonjwa hufuatiliwa kwa altrasaundi tu. Kundi la 6 ni saratani karibu kwa hakika, yaani asilimia 97. Kundi la 5 ni shaka kubwa, takriban asilimia 74, na wengi wa kundi hili hushauriwa kupasuliwa.

Taabu iko katika kundi la 3 na la 4. Hapa hadubini imeshindwa kutoa uamuzi. Uwezekano wa saratani katika kundi la 3 ni takriban asilimia 22, na katika kundi la 4 ni asilimia 30. Si ndogo kiasi cha kupuuzwa, lakini pia si kubwa kiasi cha kusema hakika ni saratani.

Kwa nini hadubini ishindwe? Chukua mfano wa mchuzi jikoni. Ukionja kijiko kimoja utajua kama chumvi imekolea, lakini hutajua kama sufuria inavuja. Kuna aina ya vinundu ambavyo seli zake hufanana, viwe vya saratani au la. Tofauti yake ni moja tu: seli za saratani zimetoboa ganda la kinundu na kutoka nje. Sindano huleta seli, haileti ganda. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, njia pekee ya kupata jibu ilikuwa kuondoa bawa zima la tezi na kulipasua maabara. Na wengi wa waliopasuliwa waligunduliwa kuwa hawakuwa na saratani.

Hilo si jambo dogo. Nyuma ya tezi hupita neva za sauti, na kando yake kuna tezi ndogo nne zinazosimamia kalsiamu mwilini. Zikijeruhiwa, mgonjwa anaweza kupoteza sauti yake ya kawaida au kupata ganzi na mikazo ya misuli. Aliyeondolewa tezi yote atameza dawa ya levothairoksini kila siku maisha yake yote, na hata aliyeondolewa nusu huenda akaihitaji. Ikiwa wewe ni mwalimu, mwimbaji kanisani au mchuuzi anayeita wateja sokoni, utaelewa gharama ya kupoteza sauti kwa ajili ya kinundu ambacho hakikuwa na ubaya.

KIPIMO CHA JENI KINAFANYA NINI?

Hapa ndipo kipimo cha jeni kinapoingia. Jeni ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila seli, yanayoiambia ikue lini na ikome lini. Saratani huanza maagizo hayo yanapoharibika. Ijapokuwa seli mbili zaweza kufanana chini ya hadubini, maagizo yaliyo ndani yake huenda yakatofautiana.

Mfano mmoja ni jeni iitwayo BRAF. Katika hali ya kawaida hufanya kazi kama swichi ambayo huwashwa na kuzimwa. Kosa moja dogo katika maandishi yake, linaloitwa V600E, huifanya swichi ikwame ikiwa imewashwa, na seli ikaendelea kugawanyika bila kukoma. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kuwa kosa hili lipo katika takriban asilimia 60 ya saratani za papilari, ambazo ndizo nyingi zaidi katika saratani za tezi hii. Likionekana katika kinundu, karibu hakika ni saratani.

Lakini si makosa yote yaliyo wazi hivyo. Makosa katika jeni za RAS hupatikana katika saratani na pia katika vinundu visivyo na ubaya. Ndiyo maana kipimo cha jeni moja hakitoshi. Vipimo vya sasa husoma jeni nyingi kwa pamoja. Kimoja kinachojulikana sana, ThyroSeq, husoma jeni 112. Kingine, Afirma, hutazama ni jeni zipi zinazofanya kazi na kwa nguvu kiasi gani, kisha kompyuta hulinganisha na vinundu vilivyojulikana. Vyote viwili hutumia seli za sindano ile ile, ila baadhi yake hutiwa katika maji maalumu ya kuzihifadhi.

TUPIGE HESABU

Je, vipimo hivi ni vya kuaminika? Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa ThyroSeq uliofanywa katika vituo 10. Kwa vinundu vya kundi la 3 na la 4, kipimo kiliwatambua wagonjwa 94 katika kila 100 wenye ugonjwa, na kiliwatenga 82 katika kila 100 wasio nao. Tuweke hesabu hiyo kwa watu.

Tuseme kuna watu 200 wenye majibu ya kundi la 3 au la 4. Kati yao 50 wana saratani na 150 hawana. Zamani wote 200 wangeshauriwa kupasuliwa. Wakifanyiwa kipimo cha jeni, wenye saratani 47 watatambuliwa na 3 watakosekana. Kati ya wale 150 wasio na saratani, 123 wataambiwa hawana ubaya na wataepuka kisu, lakini 27 watatiwa shaka bure.

Kutokana na hesabu hii, shika mambo mawili. Kwanza, jibu zuri la kipimo lina nguvu kubwa: kati ya watu 126 walioambiwa wako salama, ni 3 tu wenye saratani. Hata hivyo hao 3 ndio sababu mgonjwa huendelea kufuatiliwa kwa altrasaundi. Pili, jibu la shaka si hukumu. Kati ya watu 74 waliotiwa shaka, 27 hawana saratani hata kidogo. Usikubali mtu akuambie una saratani kwa sababu tu karatasi ya jeni imesema "shaka".

Vipimo vya Afirma na ThyroSeq vimewahi pia kulinganishwa ana kwa ana huko Marekani, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021. Tofauti kati yake ilikuwa ndogo, na karibu nusu ya wagonjwa wenye majibu ya kutatanisha waliepuka upasuaji.

NANI ASIYEKIHITAJI

Kipimo kisichobadili uamuzi ni pesa zilizomwagwa. Ikiwa sindano imetoa jibu la kundi la 2, kipimo cha jeni hakikuongezei kitu. Ikiwa ni kundi la 6, tayari unajua unahitaji matibabu, na jeni hazitaondoa haja hiyo. Ikiwa kinundu ni kikubwa kiasi cha kukukaba pumzi, utapasuliwa kwa sababu ya kukabwa, jibu la jeni liwe zuri au baya. Na ikiwa hujadungwa sindano kamwe, anayekuambia uanze na kipimo cha jeni ameruka hatua.

Vilevile si vizuri mtu asiye na dalili yoyote kutafuta vinundu kwa altrasaundi ati kwa sababu anataka "kujua hali yake". Korea Kusini imetupa funzo. Baada ya watu wengi kuanza kupimwa tezi kwa altrasaundi bila dalili, saratani za tezi zilizogunduliwa mwaka 2011 zilikuwa mara 15 ya zile za mwaka 1993, lakini vifo havikupungua. Maelfu walipasuliwa kwa ajili ya saratani ndogo ambazo hazingewadhuru.

GHARAMA NA MAHALI

Lazima niseme wazi kuwa kipimo hiki ni ghali. Maabara zilizoanzisha vipimo hivyo viwili ziko Marekani, na bei yake huko hupita dola 3,000. Kwa hiyo ukishauriwa kukifanya, uliza sampuli itapelekwa wapi, itahifadhiwaje njiani, majibu yatachukua muda gani, na kama SHA au bima yako ya kibinafsi italipa chochote. Uliza pia kama maabara inasoma jeni nyingi au BRAF peke yake. Kipimo cha BRAF pekee kikikosa kitu, hakijathibitisha kuwa uko salama, kwani saratani nyingi hazina kosa hilo.

Usivunjike moyo ikiwa huwezi kukimudu. Bado kuna njia nzuri. Kwa kundi la 3, sindano inaweza kurudiwa baada ya muda, na mara nyingi jibu la pili huwa wazi zaidi. Vioo vya sampuli vinaweza kupelekwa kwa mtaalamu wa pili wa patholojia avitazame upya. Ikiwa altrasaundi haina dalili mbaya, daktari anaweza kukubali kufuatilia kwa picha. Na ikiwa upasuaji hauepukiki, uliza kama kuondoa bawa moja kutatosha badala ya tezi nzima. Swali hilo peke yake laweza kukupunguzia hatari nyingi.

JE, WATOTO WANGU WATARITHI?

Hili ni swali ambalo wagonjwa huniuliza mara kwa mara, nalo lina majibu mawili.

Makosa ya jeni yanayopatikana ndani ya kinundu, kama lile la BRAF, kwa kawaida hutokea katika seli za kinundu hicho pekee. Hukuzaliwa nayo wala hutawapa watoto wako. Kwa hiyo usiwapeleke wanao kupimwa kwa sababu hiyo.

Lakini kuna saratani moja ya tezi hii iitwayo medula, ambayo si ya kawaida, na takriban robo ya wanaoipata wameirithi. Chanzo ni kosa katika jeni ya RET, jambo lililogunduliwa mwaka 1993. Mzazi mwenye kosa hilo ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumpa kila mtoto. Hapa kipimo ni cha damu, si cha sindano ya shingo, nacho kina thamani kubwa. Mtoto akigunduliwa mapema, tezi yaweza kuondolewa kabla saratani haijaanza. Kwa aina moja yenye hatari kubwa wataalamu hushauri hilo lifanywe kabla mtoto hajapita miaka 5, na kwa aina kali zaidi katika mwaka wake wa kwanza.

Kwa hiyo, ikiwa wewe au ndugu yako mmeambiwa mna saratani ya medula, usiondoke kwa daktari bila kuuliza habari za RET. Hapo hatupimi kinundu tu, tunalinda ukoo mzima.

MASWALI YA KUBEBA

Kata sehemu hii uende nayo siku ya kumwona daktari:

1. TSH yangu ni kiasi gani?
2. Altrasaundi imeonyesha dalili gani, na kinundu kina ukubwa gani?
3. Sindano ilitoa kundi la ngapi la Bethesda?
4. Ikiwa ni la 3 au la 4, je, kipimo cha jeni kitabadili uamuzi wako?
5. Jibu likiwa zuri, nitafuatiliwa vipi na kwa muda gani?
6. Nikipasuliwa, utaondoa bawa moja au tezi yote, na kwa sababu gani?

Daktari mwema hatakasirishwa na maswali haya. Saratani nyingi za tezi ya thairoidi hukua polepole na hutibika vizuri, kwa hiyo katika hali nyingi unao muda wa majuma kadhaa wa kufanya vipimo kwa utaratibu, kuuliza na kufikiri pamoja na jamaa zako. Kuahirisha kwa miaka ni hatari, lakini kuharakisha kisu kabla ya kujua unachokatwa pia si busara. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Nenda ukapimwe, hatua kwa hatua, na uulize kila hatua ni ya nini.